Mfugaji alipwe mvua ikikosekana, sio mpaka ng'ombe wafe

Kiangazi cha mwaka juzi nilikuwa Kwimba, Mwanza, kwa baba mdogo, asubuhi tunaamka tunakuta ng'ombe jike mmoja hawezi kusimama, tunapitisha mti chini ya tumbo watu wanne, mwingine anashika mkia, anainuka, anatembea hatua kumi analala tena. Akauzwa kwa mchinjaji kwa bei ya kutupa. Wiki ya pili mvua ikanyesha.

Ndo maana watu wakibishana kama serikali imlipe mfugaji ukame ukipiga au imuache, mi naumia. Wanaokataa wana hoja, tusiwabeze. Wanasema mbona mvuvi wa Igombe akikosa sangara halipwi, na tukilipa kwa kichwa cha ng'ombe si tunawaambia watu wajaze mifugo kwenye ardhi ambayo imeshakuwa vumbi? Halafu ng'ombe wengi huko Kwimba na Misungwi ni wa matajiri wa mjini, wameajiri wachungaji tu, sasa hela ya umma iende kwao?

Wenzetu Marekani wanalipa, tena ni utaratibu wa kudumu tangu sheria ya kilimo ya 2014. Kuna ramani ya ukame inatoka kila Alhamisi, kaunti ikifika kiwango kilichowekwa, mfugaji anaenda ofisi ya kilimo ya hapo anaomba, anafidiwa asilimia 60 ya gharama ya kulisha kwa mwezi. Haulizwi mizoga iko wapi. Ng'ombe waliokufa kwa theluji au mafuriko wana dirisha lao, asilimia 75 ya bei ya soko. Kwenye fidia ya ukame wameweka na kikomo, dola 125,000 kwa mtu kwa mwaka, ambayo kwangu bado ni kubwa mno, hapo tajiri anaendelea kufaidi.

Ila hiyo ya kulipa kwa ramani ndo naikubali kabisa. Sisi Wasukuma tuna ngitili, eneo la malisho unalifunga mvua zikianza ili likusaidie kiangazi. Ukilipa kwa mizoga, yule aliyetunza ngitili yake au akauza mapema mnadani hapati kitu, anapata aliyezembea, na mwakani nani atahangaika kufunga ngitili? Ukilipa kwa mvua iliyokosekana wote wanapata, na aliyejipanga anabaki na faida yake. Baada ya ukame wa 2009 serikali yetu iligawa mifugo Longido, Monduli na Ngorongoro kwa kaya zilizopoteza kila kitu, jambo jema sana, ila ng'ombe walishakufa.

Kikwazo kikubwa naona ni idadi. Mfugaji wetu hasemi ana ng'ombe wangapi, anaogopa kodi, anaogopa kuambiwa apunguze. Kampeni ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025 inaweza kusaidia, ng'ombe akiwa na hereni inajulikana ni wa nani, na hapo unaweza kusema tunalipia ng'ombe 20 wa kwanza tu kila kaya, tajiri mwenye mia tano ajitegemee, mwenye wanane apone. Tena mi nisingetoa hata hela taslimu, ningetoa mashudu, yale makapi ya mbegu za pamba wanayolishwa ng'ombe, pamba si inakamuliwa hapahapa kwetu?

Baba mdogo hakuhitaji mamilioni. Magunia mawili ya mashudu mwezi ule, yule jike angeifikia mvua, na alikuwa na mimba.