Babu hakuhama, mpaka ndio ulihama

Jana usiku namsaidia rafiki yangu kujaza ukoo wao kwenye programu, naandika babu yake kazaliwa Lemberg 1910, programu inajirekebishia yenyewe: "Lviv, Ukraine". Asante sana mwalimu! Mwaka 1910 huo mji ulikuwa chini ya Austria-Hungaria, baada ya Vita ya Kwanza ukawa wa Poland wakauita Lwów, 1939 wakaingia Wasovieti, 1941 Wajerumani, 1944 Wasovieti tena, na Ukraine huru imekuja 1991. Yaani mtu anakaa nyumba ileile, anafungua mlango uleule kila asubuhi, halafu karatasi zake zinaonyesha kazunguka nchi kibao. Na kweli kwao wanasimulia kwamba babu alikuwa mtu wa safari. Safari gani jamani, mzee hakutoka hata mtaani kwake.

Ndio maana nawaambia watu kila siku, kabla hujaanza kusaka cheti tafuta ramani ya miaka ya huyo mtu, achana na hii ya kwenye simu. Cheti kiko kwenye ofisi, na ofisi ilifuata mpaka wa enzi zile, sasa wewe unaandikia barua nchi ambayo wakati huo haikuwepo halafu unalalamika hawakujibu.

Mimi mwenyewe nimeliwa miaka miwili hivihivi. Nilikuwa najiuliza babu na bibi walikutanaje, maana kwa barabara ya leo kwao na kwao ni mbali, unazunguka mpaka unachoka. Nikaja kupata ramani kuukuu, nikakuta kivuko. Mto tu ndio uliwatenganisha! Kivuko kilishakufa, daraja likajengwa huko mbali, na sisi wajukuu tukatunga hadithi ya mapenzi ya mbali kumbe walikuwa majirani.

Na sio mistari na mito tu. Uingereza kuna zile ramani za zaka (malipo ya lazima kwa kanisa kutokana na ardhi) zilizochorwa baada ya sheria ya 1836, kila kipande cha ardhi kina namba, unaenda kwenye daftari lake unakuta mwenye ardhi na jina la mpangaji pia. Marekani kuna za kampuni ya Sanborn, zilizochorwa kwa ajili ya bima ya moto, rangi ya waridi nyumba ya matofali, njano ya mbao.

Haya, nakubali kwa shingo upande, ramani nazo zina uongo wake. Mpimaji aliandika jina alivyolisikia, na vibanda vya maskini mara nyingi hakuvihesabu kama nyumba, kwa hiyo ukiona pametupu usikimbilie kusema hapakuwa na watu. Huenda ndio kwenu hapo.

Nimerudi kwenye programu nikafuta, nikaandika Lemberg tena, Austria-Hungaria. Imerekebisha tena.