Kabla Hujalipa Depo ya Ploti Kiamunyi

Wikendi ikifika, madalali wanapandisha watu Kiamunyi na Ngata, pembezoni mwa mji wa Nakuru, kuwaonyesha ploti za hamsini kwa mia. Sina ugomvi na ploti. Ila ukiulizia maji taka, unaonyeshwa mahali utakapojichimbia shimo, na sehemu kubwa ya udongo wa Nakuru ni majivu ya volkano: mvua kubwa ikiupata hulegea na kudidimia. Maji mara nyingi ni ya kisima, na visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, meno ya watoto huota na madoa ya kahawia. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua, floraidi inabaki. (Mjini pia tunakunywa ya visima, kwa hiyo pima kokote.)

Halafu nauli ya kwenda mjini. Tuseme ni shilingi 70 kwenda na 70 kurudi, watu watatu, siku 22: hiyo ni 9,240 kila mwezi. Anayenunua nyumba kuukuu Section 58 au Milimani, mitaa ya zamani ya mjini, ana miti iliyokomaa, duka la karibu, na akichelewa anaweza kurudi kwa miguu.

Lakini nyumba hiyo kuukuu usiinunue kwa macho. Anza na maji taka: fungua chemba (shimo la kukagulia paipu) ya mwisho karibu na geti, kisha mwenzako amwage ndoo ya lita 20 chooni. Yakipita bila kusita, huenda laini ni nzima. Yakijikokota au kurudi nyuma, huenda mizizi ya ile miti unayoisifu imeingia kwenye viungo vya paipu za udongo, na hapo ni kuchimbua uwanja. Bomba lifunguliwe asubuhi, kabla halijatumiwa: maji ya rangi ya kutu yanayotoka kwa unyonge ni dalili ya paipu za chuma zilizoliwa ndani. Usizizibe viraka, badilisha zote uweke za plastiki. Paa likiwa la asbesto, usilitoboe wala kulisugua. Vumbi lake huharibu mapafu.

Mwisho, fanya sachi ya hati, yaani kagua rekodi zake kwa msajili wa ardhi. Nyingi za mjini ni za kukodi ardhi miaka 99, na saa imeshakwenda. Ikibaki michache, benki haitakukopesha kirahisi, na muuzaji analijua hilo. Uliza kwa nini bei imeshuka.