Msumari Mmoja, Mataulo Sita

Bafuni kwetu kuna msumari mmoja. Tuliukuta siku tunahamia, nyuma ya mlango, umepinda kidogo kuelekea chooni kama mtu anayechungulia. Wanaoutegemea ni sita: mimi, Mama Zuhura, Zuhura, mapacha, na shemeji yangu aliyekuja kutoka Tanga kwa siku mbili kufuatilia cheti cha kuzaliwa. Cheti alishakipata. Huu ni mwezi wake wa nne kwetu.

Utaniambia, si uongeze msumari? Hujamjua mwenye nyumba wetu. Kwenye mkataba, kipengele cha kodi kina mstari mmoja, cha misumari kina mitatu. Aliweka vigae vyeupe mpaka darini na anavipenda kuliko sisi. Na kwa hilo simlaumu sana, kigae hakigongwi msumari, kitapasuka. Kinatobolewa na drili yenye biti yake, polepole, fundi anamwagia maji huku anakubembeleza uongeze hela. Wangu alitaka elfu kumi kwa tundu mbili. Nikamwambia asubiri. Nadhani bado anasubiri.

Bafu lenyewe ni futi tano kwa futi nne, choo kikiwa humo humo. Maji ya bomba hapa Tabata kwetu yanakuja yakijisikia, kwa hiyo lazima kuwe na jaba. Jaba limekaa pale ambapo mtu angesimama. Kando yake ndoo mbili, beseni la mapacha, brashi ya choo, na dumu lililokatwa shingo ambalo hakuna anayejua kazi yake ila ukilitupa utaulizwa. Ukitaka kuinama kuosha miguu, lazima kwanza uamue kichwa utakiweka wapi.

Halafu chupa. Jumamosi moja nilikaa mle nikazihesabu: kumi na nne, zote zimepangwa juu ya kile kidirisha cha hewa, hewa yenyewe inaomba njia. Tano zimebaki tone. Nikataka kuzitupa, Mama Zuhura akanipokonya, eti hizo zinasubiri kutiwa maji zitikiswe, zitoke tena wiki mbili. Tatu ni dawa za kuoshea nywele za shemeji. Shemeji ana upara. Mimi mali yangu mle ndani ni mswaki, wembe na kipande cha sabuni, vyote kwenye kikombe kimoja kilichovunjika mkono.

Lakini kinachoniua ni taulo. Taulo la mtu mzima lina upana wa sentimita 70. Mataulo sita yakitandazwa yanataka zaidi ya mita nne za kamba. Sisi tuna msumari, yaani yanapandana kama abiria wa daladala ya saa moja asubuhi. Anayeoga wa kwanza taulo lake linakuwa la chini kabisa, na mimi naoga saa kumi na moja alfajiri. Matano ya wenzangu yanalilalia langu mpaka jioni. Kiangazi unaweza kuvumilia. Ikifika masika, Aprili hii, taulo halikauki, linaiva. Likifika siku ya tatu, nikijifuta natoka nanuka kuliko nilivyoingia.

Nilijaribu. Kituoni nilinunua vile vindoano vya plastiki vya kunyonya ukuta. Muuzaji alikibandika kimoja kwenye kioo cha daladala akaning'iniza sufuria, na mimi nikaamini. Kumbe sufuria lilikuwa kavu. Mataulo yetu manne yalining'inia vizuri mpaka saa nane usiku, yakashuka yote kwa pamoja juu ya ndoo. Kishindo chake! Shemeji akapiga kelele za mwizi, akiwa amejifungia chumbani.

Ndipo nikapata akili, na hii naitoa bure. Nilichukua mti wa fagio la kudekia, nikaukata ukazidi upana wa bafu kidogo sana, nikafunga ncha zote mbili mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaugongelea kwa kiganja katikati ya kuta mbili, juu. Hauna msumari, hauna tundu, na mpira hauuachi ukuta. Taulo likitandazwa pale linakauka, tofauti na lililofumbatana kwenye msumari. Mara ya kwanza niliuweka juu ya jaba, Mama Zuhura akasema hawezi kuoga maji yaliyochuruzika kutoka kwenye taulo la kaka yake. Nikauhamishia juu ya mlango, mahali ambapo hapajawahi kuwa na kazi tangu nyumba ijengwe. Chupa nazo nikazitia kwenye ule mfuko wa kutundikia viatu wenye vijumba vijumba, nikaufunga kwenye mti huo huo. Nilisimama nikaitazama kazi yangu kama mtu aliyemaliza ghorofa.

Asubuhi ya Jumamosi naingia kuoga, mti umejaa. Jinzi tatu za shemeji, fulana, na kanga ya Mama Zuhura. Taulo langu halipo. Nikaita huku povu limeniingia machoni.

"Nimelifua, Baba Zuhura, lilikuwa linanuka. Liko nje kwenye kamba."

Ningefanyaje? Nikajifunga ile kanga, nikatoka uani nikikimbilia kamba. Sikujua kwamba jirani alishapeleka habari kuwa usiku kulisikika kugonga kwangu, na mwenye nyumba alikuwa amesimama pale pale mlangoni, kashika mkataba, amekuja kukagua vigae vyake.

"Shikamoo mama," nikasema, nikampita haraka nimeinama.

"Marahaba." Halafu kimya. Sasa wewe unajua jina la kanga linavyokaa chini, karibu na pindo. Ukijifunga kiunoni kwa haraka kama mimi, linaangukia mahali pa kukalia. Nikamsikia nyuma yangu analisoma kwa sauti, neno moja moja, kwa macho yale yale anayosomea kodi:

"Mtasema... mchana... usiku... mtalala."

Nikasimama. Taulo lilikuwa hatua mbili mbele yangu, bado bichi.

"Baba Zuhura," akaniita, "hilo umenivalia mimi?"