Kilo Zako Ngapi Mwaka Huu, Mjomba?

Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Newala, mkoani Mtwara, nusu ya kipato chake hutangazwa hadharani. Mnada hufanyika mchana kweupe, bei ya juu na ya chini husomwa mbele ya watu, na kabla ya magharibi zimeshafika kwenye simu za ndugu walioko Dar es Salaam. Oktoba 2024, msimu wa 2024/25 ulipofunguliwa, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na watu waliokuwa kimya tangu Idi wakakumbuka kutuma salamu. Kinachobaki siri ni kilo. Ndiyo maana huku ni nadra kuulizwa unaingiza shilingi ngapi. Unaulizwa, "Mwaka huu umepata ngapi, mjomba?" Na jibu la kistaarabu linajulikana na wote wawili kabla halijatoka: "Kidogo tu, tunashukuru."

Mtumishi wa umma naye hana pa kujificha. Mei Mosi 2025, pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara serikalini kitapanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, nyongeza ya asilimia 35.1. Asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini. Lakini nenda kamweleze hivyo shemeji aliyeisikia redioni akiwa Nanyamba. Kwake yeye, kila mwalimu wa Mtwara kaongezewa zaidi ya theluthi ya mshahara na anajifanya hajui.

Kwa hiyo tunapojadili kama mtu ataje kipato chake kwa ndugu na marafiki, tusijidanganye kwamba wamekaa gizani. Wameshapiga hesabu. Kinachobishaniwa ni kama uisahihishe hesabu yao au uiache ilivyo, na ukiisahihisha, kwa nani.

Wanaonyamaza wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni kwamba hesabu ya watu haina makato. Chukua mkulima mwenye kilo 1,000 na bei ya 4,000. Mtaani hiyo ni milioni nne, basi. Hakuna anayetoa ushuru wa halmashauri, tozo ya chama kikuu cha ushirika na ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ghala na usafirishaji. Hakuna anayewakumbuka vibarua wa palizi, mafuta ya mashine ya kupulizia, wala waliookota. Bei ya mnadani na bei ya mfukoni ni ndugu wasiofanana sana. Na hata tukiiacha milioni nne nzima bila kuigusa, korosho huvunwa mara moja kwa mwaka. Igawe kwa miezi 12, unapata kama 333,000 kwa mwezi, chini ya yule mtumishi wa kima cha chini ambaye hakuna anayemwita tajiri. Mkulima, kwa kuwa zake zimeingia kwa mkupuo mwezi wa 11, anaitwa tajiri hadi mwezi wa 12, na kuanzia wa tatu anaitwa mfujaji.

Hapo ndipo mizinga inapoanza. Ada ya mtoto wa dada, bati za nyumba ya mama mdogo, shughuli ya kumtoa mwali, mchango wa harusi ya mtu uliyesoma naye darasa la nne. Kamati za harusi siku hizi zina orodha kwenye simu: jina, ahadi, alichotoa, anachodaiwa. Ukiandika 50,000 na watu wanaamini umeuza tani mbili, orodha ile inasomwa kama hukumu. Mtu aliyetaja kipato chake anakuwa amewapa watu rula ya kumpimia ukarimu, na rula hiyo hairudishwi msimu ukiharibika. Misimu kadhaa kabla ya 2024 bei ilikuwa ikichezea kwenye 2,000 na hata chini ya hapo. Sijasikia kamati iliyopunguza ahadi za watu kwa sababu hiyo.

Kuna na kijicho, na kuna wezi. Hivi nisivichambue, kila mtu ana mfano wa mtaani kwake.

Lakini kuna kipande cha kunyamaza ambacho mtu wa mikoa mingine anaweza asikione upesi. Kwa mila za Wamakonde, Wamwera na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama. Mwanaume ana nyumba yake na watoto wake, na wakati huohuo ni mjomba wa watoto wa dada zake, na mjomba huku si mtu wa kuja na zawadi ya pipi tu. Ndiye anayetazamwa shule ikidai, mpwa akiposa, msiba ukitokea. Dini kwa Waislamu walio wengi, na sheria za nchi, zinawaangalia kwanza mke na watoto wake. Mila inawakumbusha wapwa. Mwanaume yuleyule anamficha mke alichopeleka kwa dada, na anamficha dada alichobakiza kwa mke. Ukimuuliza atakwambia anatunza amani, na kwa kiasi fulani ni kweli. Ila amani hiyo inategemea wanawake wawili wasikae mkeka mmoja wakazungumza, na kwenye misiba ya huku hukaa mkeka mmoja siku tatu.

Niliwahi kushuhudia jambo hili kwenye benchi la ghala la chama, upande wa Kitangari. Mzee mmoja alikuwa amekaa na kijana wake wakisubiri malipo ya mnada uliopita. Simu ikalia. Mzee akaisogeza mbali na macho, kama afanyavyo mtu asiyeona karibu, akasoma, kisha akailaza kifudifudi juu ya paja. Kijana akauliza, "Zimeingia, baba?" Mzee akajibu, "Bado wanahangaika na mtandao." Kijana yule ndiye aliyepulizia salfa, dawa ya ukungu, shamba zima mwezi wa saba. Sikumlaumu mzee, huenda alikuwa na deni la kulipa kabla ya kugawa. Lakini kijana kama huyo atajuaje kuwa shamba linalipa au halilipi? Baada ya miaka miwili ya "mtandao" ataona bora bodaboda mjini, na mikorosho ibaki na wazee.

Hii ndiyo hoja ya kwanza ya upande wa pili: anayefanya kazi na wewe ana haki ya kujua kazi ilileta nini. Mke anayeokota korosho tangu alfajiri si mgeni wa kuambiwa "kidogo tu, tunashukuru". Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kama kupika na kulea kunahesabiwa, shamba je? Kwa nyumba inayokula chungu kimoja naona kuficha hakuna utetezi unaosimama. Watu hutaja wake wafujaji na waume walevi, na wapo, lakini dawa yao ni kupanga matumizi kwa pamoja na kubanana. Ukimnyima mtu hesabu, atapanga kwa kukisia, na nimeeleza hapo juu kukisia kwa watu kunaelekea wapi.

Hoja ya pili ni kangomba, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu watu huizungumzia kama suala la walanguzi peke yake. Miezi ya masika chakula kinapokata, mkulima anapata mtu wa kumpa fedha leo kwa korosho za Oktoba. Bei anapanga mwenye fedha. Kipimo ni bakuli linalobeba zaidi ya kilo lakini linahesabiwa kilo. Ni haramu kisheria na viongozi huionya kila mwaka. Msimu wa 2018/19, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, uhakiki wa mashamba ulifanyika kwa kiasi kikubwa ili kuwanasa walanguzi hao, na malipo ya watu wengi yakachelewa. Lakini kangomba haiendeshwi na mlanguzi tu, inaendeshwa na aibu. Anayeuza korosho kabla hata mikorosho haijatoa maua hamwambii mtu, hata mkewe. Ndugu wanaona mikorosho imezaa, wanaona magunia yanaondoka, wanaanza kupanga mizinga. Yeye anajua kuwa nusu ya mzigo si wake tena. Angesema mwezi wa tatu kwamba nyumbani hakuna unga, pengine kaka au kikundi cha vikoba kingemkopesha kwa riba ya kibinadamu. Alichoficha pale hakikuwa kipato, kilikuwa upungufu wa kipato, na huo ndio unaofichwa zaidi kuliko utajiri wowote ninaoufahamu Kusini.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wanaosema kwa jumla "mambo ya fedha ni siri ya mtu". Siri hiyo ina mnunuzi. Popote bei inapojulikana na wote, kama mnadani, mwenye fedha anabanwa. Popote kila mtu anapopatana peke yake gizani, mwenye fedha anachagua.

Upande wa watumishi, kinachojulikana ni mshahara na kinachofichwa ni makato. Mwalimu wa sekondari Masasi anakatwa mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, juu yake mkopo wa benki, juu yake bima na chama cha wafanyakazi. Kanuni inataka abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, na wapo wengi wanaoishi palepale kwenye theluthi. Akitaja mshahara wote anajitafutia balaa. Akinyamaza anaonekana bahili. Wengine wamejaribu njia ya tatu, na mimi naona ndiyo yenye akili kwa ukoo mpana: kutotaja kiasi kinachoingia, ila kutaja waziwazi yale ambayo fedha imeshafungwa nayo. "Mama mdogo, nakatwa benki hadi 2028, na nalipa ada ya mtoto wa dada. Kwa mwezi naweza kutuma 20,000, zaidi ya hapo sina." Hapo mama mdogo hajajua mshahara, lakini amejua mpaka. Wengi huridhika kuliko tunavyodhani. Kinachowaudhi ndugu mara nyingi ni kuzungushwa, "nitakutafuta kesho" ya miezi sita, wakati "sina" ya mara moja wangeimeza.

Njia hiyo ina kasoro moja, nayo ni kifo. Mtu anaondoka ghafla, na hakuna anayejua kama ana akaunti benki moja au tatu, hisa ngapi kwenye kikundi, nani anamdai, na yeye anamdai nani. Familia inaitisha kikao cha ukoo, inaandika muhtasari, inachagua msimamizi wa mirathi, inakwenda mahakama ya mwanzo na cheti cha kifo, na hapo ndipo inaanza kubahatisha matawi ya benki. Wadai hujitokeza wenyewe bila kuitwa. Wadaiwa hawaonekani. Ukitaka kunyamaza kwa watu wote, sawa, lakini awepo mmoja anayejua vitu viko wapi, na kwa huku kwetu afadhali wawe wawili, mmoja wa upande wa watoto na mmoja wa upande wa dada, ili siku hiyo wasituhumiane.

Marafiki wako kwenye fungu lao. Kwa rafiki wa kijiweni, kutaja kipato hakuna faida yoyote ninayoiona. Ama utamwonea wivu, ama atakuonea, ama mtaanza kulipiana chai kwa kuviziana. Lakini rafiki wa kazi moja ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri achukue hatua kuhakikisha wanaume na wanawake wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Dada aliyeajiriwa kubangua korosho kiwandani, au karani wa ghala mjini, ataidai vipi haki hiyo kama hajui mwenzake wa meza ya pili anapata ngapi? Waajiri wengine huwanong'oneza wafanyakazi, "hii tumekupa wewe tu, usimwambie mtu." Ukiambiwa hivyo, kuna uwezekano mkubwa kila mmoja ameambiwa vilevile, na uwezekano mwingine kwamba wewe ndiye uliyepewa kidogo.

Kijana anayekwenda kwenye usaili wa kazi unayoifanya wewe, akikuuliza, mwambie yote: mshahara, posho, saa za ziada zinazolipwa na zisizolipwa, na tarehe halisi ambayo fedha huingia, maana ile ya kwenye mkataba huenda anayo tayari.