Zote za dijitali, na bado hazisikilizani

Mezani kwa fundi mmoja mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, niliona redio kolu mbili mpya, zote zimeandikwa DMR (aina mojawapo ya redio za dijitali) ubavuni, zote zimewekwa masafa yaleyale hadi tarakimu ya mwisho. Fundi akabonyeza kitufe cha moja na kusema, "Moja, mbili, tatu." Taa ndogo juu ya ile ya pili ikawaka, ikazimika. Sauti hakuna. Akacheka, akaziunganisha na kompyuta, akanionyesha: moja ilikuwa na nambari ya rangi 1, ya pili ilikuwa na 3.

Nambari hiyo haina uhusiano wowote na rangi. Ni tarakimu kati ya 0 na 15 ambayo redio hutumia kutambua wenzake. Isipolingana, redio inanasa mawimbi lakini inamchukulia msemaji kuwa mpita njia asiyewahusu. Hata ikilingana, bado kuna zamu (nafasi ya muda ambayo redio hurushia) na kundi la mazungumzo, navyo vikipishana kimya ni kilekile. Kwa hiyo neno "dijitali" kwenye hati ya zabuni ya redio za waokoaji halijasema chochote kuhusu nani atamsikia nani.

Nilikuwa nikiwaza milima iliyo nyuma ya mji ule. Tarehe 1 Machi 2010 ardhi iliporomoka Nametsi, Bududa, na kufunika kijiji. Mwishoni mwa Novemba 2024 mlima uliporomoka tena, safari hii Bulambuli. Mahali kama pale wa kwanza kufika ni majirani wenye majembe, kisha vijana wa Msalaba Mwekundu, polisi, wanajeshi wa UPDF (jeshi la Uganda), maafisa wa wilaya na watu wa maafa kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Kila kundi lina fungu lake la fedha na wafadhili wake, na hapo ndipo ugomvi wa redio unapozaliwa: kila mmoja ananunua kwa wakati wake, kwa muuzaji wake.

Wanaouza watakuletea familia tatu kubwa za viwango vya redio za dijitali. P25 ilianzia Marekani mwaka 1989, na kwetu ni nadra kuwa na sababu ya kuifikiria. TETRA ilitoka kwa shirika la viwango la Ulaya, ETSI, miaka ya 1990. DMR ilitoka kwa shirika hilohilo mwaka 2005. Kutoka mama mmoja hakujazifanya zielewane: redio ya TETRA na ya DMR hazisikilizani katika hali ya dijitali hata zikitengenezwa na kampuni moja.

Wanaotetea TETRA wana hoja nzito, na sipendi inavyopuuzwa kwa neno "ghali" tu. Imebuniwa kwa ajili ya polisi na zimamoto tangu mwanzo. Chaneli moja ya kilohezi 25 inabeba mazungumzo manne kwa zamu. Mwito wa dharura unawaruka wengine wote kwenye foleni. Polisi, ambulensi na zimamoto wanaweza kukaa kwenye mtandao mmoja, kila mmoja na makundi yake, na siku ya maafa msimamizi akawaunganisha kwenye kundi moja bila mtu yeyote kugusa redio yake. Kwa Kampala, penye vilima na majengo ya zege na watu wengi, mfumo kama huo una maana.

Ila panda na mfumo huo hadi Bududa. Redio ya mkononi ya TETRA kwa kawaida hurusha nguvu ya wati 1 hivi, na mitandao mingi ya usalama iko karibu na megahezi 380 hadi 400. Redio ya mkononi ya VHF hurusha wati 5, kwenye masafa ya chini yanayojipinda vizuri zaidi juu ya matuta. Mabonde ya Mlima Elgon yamekatwa kama mikunjo ya gauni la gomesi, na ili TETRA ifike kwenye kila mkunjo utahitaji minara mingi, kila mmoja na umeme wake, mlinzi wake na barabara ya kuufikia. Anayelipa mnara wa kwanza huwa ni mfadhili. Anayelipa betri za mnara wa saba baada ya miaka sita, sijawahi kuona jina lake kwenye hati yoyote.

Kuna na jambo la siri. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walifichua kwamba TEA1, moja ya njia za TETRA za kufunga mazungumzo ili wengine wasiyasikie, ilikuwa imedhoofishwa kwa makusudi: ufunguo wake wa biti 80 unapunguzwa hadi 32, na kompyuta ya kawaida inaweza kuufungua. Njia nyingine, TEA2, ilitengwa kwa vyombo vya usalama vya Ulaya. Afisa ununuzi wa Afrika anayeambiwa "mfumo huu umefungwa kwa siri" na asiulize kwa njia ipi, anaweza kuwa ananunua mlango ambao kitasa chake kilitengenezwa kilegee.

DMR ni ndugu maskini, na umaskini wake una faida. Chaneli ya kilohezi 12.5 inabeba mazungumzo mawili kwa zamu, kwa hiyo ripita moja (kifaa cha kupokea mawimbi na kuyarusha tena mbali zaidi) inafanya kazi ya mbili. Redio hurusha nusu ya muda tu, na betri hudumu. Redio nyingi za DMR pia husema analogi, yaani mfumo wa zamani usio wa dijitali, kwa hiyo wilaya inaweza kubadilisha kidogokidogo, redio kumi mwaka huu na kumi mwakani, bila kuzitupa za zamani. Watengenezaji ni wengi, bei zinashindana.

Mtego uko kwenye yale ambayo kiwango hakikuyafunga. Sauti ya kawaida kati ya redio za kampuni mbili hupita vizuri mipangilio ikilingana. Lakini namna za kufunga mazungumzo, ujumbe wa mahali ulipo, na mbinu za kuunganisha ripita nyingi, mara nyingi kila kampuni ina yake. Muuzaji anajua ni vitu hivyo vinavyong'aa kwenye maonyesho. Ukishavitumia mwaka mmoja umeolewa na kampuni, na mahari utaendelea kuilipa wewe.

Waokoaji wa zamani watakuambia waachiwe analogi yao, na si ukaidi mtupu. Analogi ikifika mwisho wa uwezo wake inakwaruza, unajua unaanza kupotea, unapanda kilima. Dijitali inakuwa safi, safi, halafu haipo. Tena redio ya dijitali hufinya sauti kwa kubahatisha umbo la sauti ya binadamu. Iweke karibu na msumeno wa injini au king'ora na itatoa mburugo. Majaribio ya Marekani ya mwaka 2008 yalionyesha tatizo hilo kwa zimamoto.

Lakini masikilizano yenyewe si suala la analogi au dijitali. New York, Septemba 2001, marubani wa helikopta za polisi waliona mnara wa kaskazini wa jengo la World Trade Center unakaribia kuanguka wakatoa onyo redioni. Wakuu wa zimamoto waliokuwa chini hawakulipata, kwa kuwa hawakuwa kwenye redio moja na polisi. Jiji tajiri, redio tele.

Siku hizi kuna wanaosema tuachane na haya yote, tutumie programu za kubonyeza na kusema kwenye simu. Kwa askari wa kanjo au mratibu wa ambulensi mjini, siku ya kawaida, ni rahisi na inafaa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mfumo wa uokoaji unaozimwa kwa amri ya siasa sijui tuuite nini. Uingereza nayo iliamua mwaka 2015 kuhama kutoka TETRA kwenda mtandao wa simu, na hadi leo askari wake bado wamebeba TETRA.

Mimi ningenunua hivi. Kwa wilaya za milimani na kwa waokoaji, VHF ya DMR inayosema pia analogi, na kwenye kila redio, iwe ya polisi, jeshi au Msalaba Mwekundu, chaneli moja ya pamoja: analogi, wazi, isiyopitia ripita, ileile nchi nzima, iliyoidhinishwa na UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda. Polisi wabaki na mtandao wao wa siri, tena mzuri zaidi wakipenda. Najua ubaya wa mpango huu: chaneli ya wazi husikilizwa na yeyote mwenye redio ya bei rahisi, wakiwemo wezi na waandishi wa habari, na majina ya marehemu yatasikika kabla ndugu hawajaambiwa. Kama redio ya polisi iko kwenye UHF, masafa ya juu kuliko VHF, nao watalazimika kuweka redio ya VHF kwenye gari. Ni gharama ya kweli. Kwangu inalipika.

Katika zabuni ningetaka jambo moja lisiloonekana kwenye karatasi za rangi: kabla ya malipo, redio za wazabuni ziwekwe pamoja na redio za majirani watakaofanya kazi nao, zipelekwe bondeni, watu waseme.

Fundi wa Mbale alibadilisha ile 3 ikawa 1 kwa dakika mbili, na "moja, mbili, tatu" ikasikika. Nikamwuliza kwa nini wilaya iliyoleta redio ile haikuirekebisha yenyewe. Akasema faili la mipangilio lina nenosiri, na nenosiri lilibaki Kampala kwa aliyewauzia. Hii aliweza kuifungua kwa sababu ilikuwa sampuli. Zile nyingine kumi na nane ziko kabatini.