Fabisch tulimwita mara tatu

Timu ya taifa ikifungwa mechi mbili tatu mfululizo, huku kwetu Mombasa juma haliishi kabla hujasikia kibarazani: "Leteni mzungu." Neno hilo nimelisikia tangu ningali mtoto, na kila nikilisikia humkumbuka mzungu mmoja tu, kocha Reinhard Fabisch, aliyeletwa, akaondoka, akaletwa tena, akaondoka, kisha akaletwa mara ya tatu. Vijana wanaobishana leo wengi hawamjui. Wakubwa wao humtaja kama mchawi. Mimi nasema mchawi hakuwa, na tukimfanya mchawi tunawadhulumu waliomtangulia.

Kwanza nisimulie nilivyomjua. Ilikuwa 12 Agosti 1987, nami nina miaka tisa. Ami yangu alikuwa na redio ya mbao, na siku hiyo betri zake zilishinda juani juu ya bati ili zirudishe nguvu. Jioni tukajaa kibarazani, wakubwa kwenye mkeka, watoto kwenye vidato. Fainali ya Michezo ya Afrika, Kenya na Misri, Kasarani, uwanja uliokuwa ukinukia rangi mpya kwa kuwa umejengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya michezo hiyo hiyo. Tukafungwa moja bila. Sauti ya mtangazaji ilididimia, sijui kwa huzuni au kwa betri. Ami akaizima redio, akasema: "Bao la kuotea lile." Hakuna aliyemuuliza amelionaje.

Medali ya fedha ile ilikuwa kubwa kuliko tulivyojua usiku ule. Na kocha wetu kwenye benchi alikuwa Fabisch, Mjerumani wa miaka 36 (siku ya kuzaliwa kwake ilikuwa juma lililofuata), mzaliwa wa Schwerte, mji mdogo ulio karibu na Dortmund. Borussia Dortmund aliwahi kuichezea miaka ya 1970, lakini hakuacha jina huko. Kwao Ujerumani ukimtaja, wengi wangekuuliza ni nani.

Sasa, timu aliyoikuta. Kenya ilikuwa imechukua Kombe la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, mwaka 1981, 1982 na 1983, zote tatu chini ya Marshall Mulwa, Mkenya mwenzetu. Kabla ya Fabisch alikuwapo Mjerumani mwingine, Bernhard Zgoll, aliyeanzisha vituo vya kulea vijana wa mpira ambavyo wachezaji wengi wa kizazi kile walipitia. Na mwaka ule ule wa 1987 klabu yetu ya Gor Mahia wakatwaa Kombe la Washindi la Afrika, wakaitoa Espérance ya Tunis kwa mabao ya ugenini baada ya sare ya mbili mbili kule na moja moja Nairobi. Kwa hiyo Fabisch alikuta chungu kimeshachemka. Alichofanya ni kutia chumvi, na kutia chumvi nako kuna wanaoharibu.

Machi 1988 Kenya ikaenda Morocco kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Fabisch hayupo tena. Nigeria tatu bila, Misri tatu bila, Kamerun bila bila. Tukarudi hatujafunga hata bao moja. Mzungu mchawi akaanzia hapo kuzaliwa, katika vichwa vya watu waliolinganisha Agosti na Machi.

Kama unataka kumjua Fabisch hasa, usimtafute Nairobi. Mtafute Harare, kuanzia 1992. Zimbabwe walikuwa na wachezaji, lakini walikuwa hawana timu. Kipa wao Bruce Grobbelaar alikuwa Liverpool. Peter Ndlovu alikuwa Coventry City, na nduguye Adam naye mshambuliaji. Nyumbani walikuwapo Agent Sawu, Vitalis Takawira, Rahman Gumbo. Fabisch akawaweka chumba kimoja. Agosti 1992 wakaikaribisha Afrika Kusini, ambayo ndiyo kwanza imerudi katika soka ya kimataifa baada ya miaka ya kufungiwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, wakaipiga nne kwa moja. Watu wakaanza kuwaita Dream Team, yaani timu ya ndoto, na jina likaganda.

Halafu Cairo, 28 Februari 1993. Mechi ya mwisho ya kundi, kufuzu Kombe la Dunia. Zimbabwe walihitaji sare tu. Sawu akafunga mapema, Misri wakarudisha na kuongeza, mbili kwa moja, na matokeo hayo yaliwatosha Wamisri. Ila jukwaani mawe yalikuwa yakiruka. Grobbelaar alipigwa, Fabisch mwenyewe alipigwa. Kocha mwingine angebeba mabegi arudi kwao na kisingizio kizuri. FIFA waliamuru mechi irudiwe katika uwanja usio wa yeyote, mjini Lyon, Ufaransa, 15 Aprili. Bila bila. Zimbabwe wakapita, Misri nje. Nilipoisoma habari ile gazetini nilikimbia nayo hadi kwa ami. Aliniambia: "Basi amewalipa." Kwake yeye ile ilikuwa bado ni fainali ya Kasarani.

Lakini ndoto hii haikufika asubuhi. Mwezi Julai mwaka ule Zimbabwe walihitaji kuifunga Zambia nyumbani ili waende Kombe la Mataifa ya Afrika. Zambia ile ilikuwa imeundwa upya baada ya ndege iliyobeba timu yao kuanguka baharini Gabon mwezi Aprili. Zimbabwe wakatangulia, Kalusha Bwalya akasawazisha kwa kichwa, moja moja, Zambia wakaenda. Ni vigumu kuwalaumu Wazimbabwe. Sidhani kama kulikuwa na timu Afrika siku hizo iliyotaka kuwa kikwazo cha Wazambia, na sijui mtu hucheza vipi dhidi ya timu inayochezea marehemu.

Oktoba, Yaoundé. Kamerun na Zimbabwe, mshindi anakwenda Marekani 1994. Kamerun wakashinda tatu kwa moja. Na hapo Fabisch akafanya jambo linalotajwa mpaka leo: akamwonyesha mwamuzi noti, kwa maana ya kwamba umenunuliwa. FIFA wakamfungia.

Wapo wanaolisimulia hili kwa kicheko, kama kituko cha mzungu mwenye hasira. Mimi simtetei. Ukimtuhumu mtu wizi lete ushahidi, na noti si ushahidi. Lakini hasira ile haikuzaliwa Yaoundé. Ndiyo iliyowafanya vijana wa Harare wasimame Cairo mawe yanaruka. Fabisch alikuwa hakubali timu ya nchi ndogo iambiwe ikae upande wake na ishukuru kualikwa. Makocha wengi wa kigeni waliopita kwetu walijifunza haraka kusema "wachezaji wangu bado wanakua." Sentensi hiyo humlinda kocha, haimlindi mchezaji.

Nairobi alirudi mwaka 1997. Safari ya kufuzu Kombe la Dunia la 1998 Kenya tuliimaliza na pointi 10, tatu nyuma ya Nigeria iliyoongoza kundi, na nyumbani tukaenda nao sare ya moja moja. Hiyo ilikuwa Nigeria iliyotoka kuchukua dhahabu ya Olimpiki Atlanta. Kisha akaondoka. Mwaka 2001 akaitwa tena, na mwaka uliofuata hayupo. Hapo ndipo ninapokosana na watu wa "leteni mzungu." Mara zote tatu tulimwita kama anavyoitwa fundi wa bomba nyumba ikiwa imeshafurika maji, na maji yakikauka tunamfungulia mlango. Vituo vya vijana vya aina ya Zgoll havikuendelezwa. Mulwa hatumtaji. Mwaka 2004, tuliposhinda mechi yetu ya kwanza kabisa kwenye Kombe la Mataifa, tatu bila dhidi ya Burkina Faso, kwenye benchi alikuwa Mkenya, Jacob "Ghost" Mulee, na bado kuna mtu kibarazani aliyesema lau angekuwapo Fabisch tungefika mbali zaidi. Nilitaka kumrushia kikombe cha kahawa.

Fabisch mwenyewe nadhani angeyacheka mambo haya, maana kikombe hakuwahi kukileta, si Kenya, si Zimbabwe. Mtu wa chupuchupu.

Mara ya mwisho jina lake kuvuma ilikuwa Januari na Februari 2008, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ghana, akiifundisha Benin. Kundi lilikuwa la moto: Mali, Ivory Coast, Nigeria. Walipoteza zote tatu. Lakini Fabisch alitoka hadharani akasema kwamba amefuatwa na mtu wa kamari kutoka Asia, akapewa ofa ya pesa ili mechi ziende wanavyotaka wao, na kwamba alikataa. Siku hizo makocha waliokuwa wakisema mambo kama hayo kwa majina yao walikuwa wachache mno. Nilikumbuka noti za Yaoundé. Miaka kumi na tano baadaye noti zilimjia yeye, na mara hii hakuwa na haja ya kuzipunga ili watu wajue alichofikiri juu yazo.

Alifariki 12 Julai mwaka ule ule nyumbani Ujerumani, kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 57.

Ami alikuwa bado hai, macho yamemwishia. Nilikwenda kumwambia. "Yule wa Kasarani?" akauliza. Nikamwambia ndiye. Akapapasa bakora yake, akavuta uradi kidogo, akamwombea mwisho mwema ingawa si wa dini yetu. Halafu akaniinamia karibu na sikio:

"Lile bao lilikuwa la kuotea, mwanangu. Mimi nililiona."