Ofisi Ikigeuzwa Nyumba, Upepo Upite Wapi?

Naishi kusini mwa Uingereza, kwenye fleti ambayo zamani ilikuwa ofisi. Majengo ya namna hii ni mengi huku. Tangu mwaka 2013 sheria ya England inaruhusu ofisi kugeuzwa makazi bila kupitia maombi kamili ya kibali cha ujenzi. Wazo lenyewe silipingi hata kidogo. Nguzo zipo, sakafu zipo, na watu wanahangaika kutafuta pa kuishi. Ninachopinga ni kuikatakata sakafu ya ofisi kwa kuta za jasi na kuita kila kipande nyumba, bila kwanza kuuliza hewa itaingilia wapi na itatokea wapi.

Ofisi za kisasa zilijengwa kwa kutegemea mashine. Sakafu ni pana mno, vioo havifunguki, au vinafunguka vidole vinne basi. Fleti yangu ina madirisha upande mmoja tu. Upande wa pili ni mlango unaotokea kwenye korido isiyo na dirisha hata moja. Julai 2022, joto lilipopita nyuzi 40 England kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze, majirani walilala milango wazi, wengine wameizuia kwa viatu, wengine kwa mitungi ya kuzimia moto. Na hiyo ni milango ya kuzuia moto, inayotakiwa kujifunga yenyewe! Mama mmoja wa ghorofa yetu alimbeba mwanawe mchanga wakakaa chini bustanini mpaka alfajiri. Mwaka huohuo England ilianza kutumia kanuni za kuzuia nyumba zisipate joto kupita kiasi, lakini ni za majengo mapya tu. Ofisi iliyogeuzwa haikuguswa. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa, maana hizo ndizo zilizokuwa na shida zaidi.

Wakati wa baridi hali ni afadhali, ila bafu lisilo na dirisha huota ukungu.

Mimi ni mtu wa Unguja, na nyumba za Mji Mkongwe nazijua kwa kuishi ndani yake. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo huvuka kiasi cha mita 3 tu. Kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu, vimepangwa kuuzunguka ua. Ukifungua dirisha la nje na mlango wa uani, upepo unapita moja kwa moja, uwe kusi au kaskazi. Hewa ya moto inapanda juu kupitia uani, na ya kichochoroni, ambako jua halifiki, inaingia kushika nafasi yake. Kuta nene za mawe na chokaa zinachelewesha joto la mchana. Wahandisi wa leo wana kanuni inayosema jambo hilohilo: dirisha likiwa upande mmoja, hewa hufika kina cha takriban mara mbili ya kimo cha chumba, madirisha yakielekeana, hufika mara tano.

Wajenzi husema kutoboa ua katikati ya jengo ni kupoteza nafasi ya kupangisha. New York wameshalijibu hilo. Jengo la 25 Water Street, ofisi ya miaka ya 1960, lilichongwa nyua mbili katikati, kisha likaongezwa ghorofa 10 juu kufidia nafasi iliyokatwa. Sasa lina fleti zaidi ya 1,300.

Nayasema haya nikiwa na Dar es Salaam na Nairobi moyoni, kwa sababu minara ya vioo imeota huko kama ya huku, na ofisi zikikosa wapangaji, siku moja kuna mtu atataka kuzigeuza fleti. Huku usiku wa joto ni wa wiki chache. Dar ni miezi, na umeme ukikatika kiyoyozi nacho kimezimika. Ndugu yangu ukipelekwa kuonyeshwa fleti ya namna hiyo, usiende asubuhi. Nenda saa tisa alasiri, omba kiyoyozi kizimwe, fungua kila kinachofunguka, kisha kaa humo nusu saa kabla hujazungumza bei.